Laptopu imeibwa, mkononi kuna laki saba: ninunue ipi?

Swali: Shikamoo kaka. Nasoma chuo mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam, nakaa Mbagala. Juzi kati begi langu lilichanwa ndani ya daladala, laptopu ikaondoka pamoja na chaja. Ilikuwa kubwa, inchi 15.6, na mgongo uliniuma kila siku, lakini ndiyo iliyokuwa inanipa hela ya kula maana nachapia watu kazi zao. Mama na mjomba wamenichangia, nikijumlisha na boom la mkopo wa chuo ninayo laki saba. Nataka nyepesi. Natumia Word, Excel, Zoom na SPSS ya takwimu kidogo. Dukani nimeona mpya ya inchi 11 kwa laki sita na nusu, iko ndani ya boksi na ina waranti ya mwaka mmoja. Rafiki yangu anasema niende Kariakoo nichukue iliyotumika, mimi naogopa kupigwa. Na utafiti wangu nusu nzima ulikuwa mle ndani. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Mashine iliyokuwa inakusomesha na kukulisha kwa wakati mmoja si hasara ndogo, na laki saba ya kuchangiwa na familia haitakiwi kupotea mara ya pili. Kwa hiyo naanza na jibu lenyewe: ile mpya ya inchi 11 iache. Tafuta laptopu iliyotumika ya daraja la ofisi, yenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel ya kizazi cha nane, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, SSD (hifadhi ya faili) ya GB 256 na kioo cha kati ya inchi 12.5 na 14. Kinachobaki ni kukueleza kwa nini, na namna ya kuikagua mpaka uridhike kabla hujatoa hela.

Lakini kabla ya duka kuna kazi ya leo hii, na inafanyika kwa simu. Laptopu yako iliondoka barua pepe ikiwa wazi, pengine na WhatsApp, na kivinjari chake kilikuwa kinakumbuka nywila zako. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, fungua sehemu ya usalama, tazama orodha ya vifaa, uitoe laptopu hiyo. Badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu aliyeshika barua pepe anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako zote. Ifuate ya chuo, ya benki kama ulikuwa unaingia kwa mtandao, kisha mitandao ya kijamii. Kwenye WhatsApp ya simu yako fungua vifaa vilivyounganishwa, uvitoe vyote. Kama hujafika polisi, nenda ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kituoni. Watahitaji serial namba, ile ndefu inayobandikwa chini ya mashine. Itafute kwenye boksi au risiti ya zamani. Kama vyote havipo lakini ulikuwa unaingia kwa akaunti ya Microsoft, fungua akaunti hiyo kwenye simu, na kwenye orodha ya vifaa huenda ukaikuta.

Sasa ile mpya. Naelewa inavyovutia: imefungwa kwenye nailoni yake, hakuna mtu aliyewahi kuigusa, na ina waranti. Tatizo lipo ndani. Laptopu mpya za bei hiyo kwa kawaida huwa na Celeron, prosesa dhaifu ya Intel, yenye viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), RAM ya GB 4 iliyolehemiwa kwenye bodi, na hifadhi ya eMMC, ya polepole kuliko SSD, ya GB 64, nayo imelehemiwa vilevile. GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inakitaja ili Windows 11 iweze kuwekwa. Maana yake unanunua mashine ambayo siku ya kwanza tu imeshafika kikomo chake. Windows na masasisho yake vitakula sehemu kubwa ya hizo GB 64, na ukifungua Word, kurasa kadhaa za Chrome na Zoom kwa pamoja, itaanza kuganda. Hapo fundi hana la kukusaidia, kwa kuwa huwezi kuongeza RAM wala kubadilisha hifadhi. Waranti ya mwaka itakulinda ikiharibika. Kwa upole wake wa kasi haikusaidii chochote, na wewe mtu anakuletea kazi ya kuchapa saa kumi na moja jioni akiitaka kesho asubuhi.

Laptopu za ofisi ni jambo jingine kabisa. Ni zile ambazo makampuni na taasisi hununua kwa mamia kwa ajili ya wafanyakazi wao: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Zikiwa mpya ni ghali, mara nyingi zaidi ya dola 1,000 kila moja. Baada ya miaka mitatu au minne kampuni inazibadilisha zote kwa mpigo, zinauzwa kwa jumla, na nyingi hupitia Dubai au kutoka moja kwa moja Uingereza na Marekani mpaka zinafika kwetu. Bei imeshuka kwa sababu ya umri wake tu. Bawaba bado ni za chuma, mfuniko haupindi ukiushika pembeni, kibodi ina kina cha kutosha, na ukifungua skrubu za chini unakuta SSD inayotoka, betri inayobadilishika na, kwenye nyingi, RAM inayoongezwa. Kwako wewe unayechapa kwa malipo, hiyo kibodi peke yake inatosha kuamua. Kuchapa kurasa arobaini kwenye kibodi laini ya inchi 11 ni adhabu ya vidole.

Kwa nini nimeng'ang'ania kizazi cha nane? Soma jina la prosesa, kwa mfano i5-8250U. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: 8 ni cha nane, 7 ni cha saba, 6 ni cha sita. Namba ikianza na 10 au 11, basi ni cha kumi au cha kumi na moja. Kizazi cha nane kilipotoka mwaka 2017, Intel iliongeza viini vya i5 za laptopu nyembamba kutoka viwili hadi vinne. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko zote za miaka ile. Ndiyo maana i5-8250U ina viini vinne wakati i7-6600U, yenye jina kubwa zaidi na stika inayong'aa zaidi, ina viwili. Muuzaji akikuambia "hii ni i7, dada", muulize ya kizazi gani. Herufi i na namba inayoifuata haitoshi kukuambia kitu.

Sababu ya pili ni Windows. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za nyuma yake. Utaonyeshwa EliteBook 820 G3 au ThinkPad X260, ambazo ni za kizazi cha sita, zikiwa na Windows 11 inafanya kazi vizuri tu machoni pako. Ni kweli inawekwa, kuna njia ya kuuruka ukaguzi wake, lakini Microsoft haiitambui mashine hiyo, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayatakuja yenyewe. Utakuwa unamrudia fundi kila toleo jipya likitoka. Mashine ya kizazi cha nane haina usumbufu huo.

Nikupe majina, ili ukifika dukani ujue unachokitaja. Ya kwanza kwangu, kwa mahitaji yako, ni HP EliteBook 830 G5 ya mwaka 2018. Kioo inchi 13.3, uzito unaanzia kilo 1.33, nafasi mbili za RAM, na inachajiwa kwa USB-C pia. Ni nyepesi bila kubana vidole. Angalizo moja: baadhi zilitoka na kioo cha faragha, kile kinachomzuia mtu wa pembeni asione unachosoma, na vioo hivyo huonekana hafifu hata ukikaa mbele yake. Kama kioo kinaonekana kimefifia, tafuta kitufe cha faragha kwenye safu ya juu ya kibodi, ukibonyeze. Kisipopata nguvu, omba nyingine.

Inayofuata ni Dell Latitude 7390, nayo ya inchi 13.3, au dada yake ndogo 7290 ya inchi 12.5 inayoanzia kilo 1.17. Hizi zina nafasi moja ya RAM. Kisha ThinkPad X280, nyepesi kuliko zote nilizotaja, kilo 1.13 hivi, lakini RAM yake imelehemiwa. Usiichukue ikiwa na GB 4 kwa ahadi kwamba "utaongezewa baadaye", kwa kuwa haiongezeki. Ya mwisho ni ThinkPad T480, inchi 14, kilo 1.58 na kuendelea kutegemea betri. Ni nzito kidogo kuliko wenzake, ila ina kitu kimoja ambacho mtu wa Mbagala atakithamini: betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa wakati mashine inaendelea kuwaka. Umeme ukikatika kwenu mara kwa mara na kazi za watu zina muda, T480 yenye betri kubwa ya nyuma itakufaa kuliko 830 G5. Chache kati ya T480 na 830 G5 zilitengenezwa na prosesa ya kizazi cha saba, kwa hiyo jina la modeli peke yake lisikuridhishe. Soma namba ya prosesa.

Kuhusu kioo, omba chenye nukta 1920 kwa 1080. Laptopu nyingi za ofisi za miaka ile, hasa za inchi 12.5, zilitoka na kioo cha 1366 kwa 768, ambacho kinaonyesha safu chache za Excel na rangi zinabadilika ukiinamisha kichwa. Si kasoro ya kukuzuia kununua, lakini bei lazima ishuke kwa ajili yake. Na RAM, chukua mashine ambayo GB 8 zimo tayari. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani kote, na ule mpango wa kununua ya GB 4 halafu ujazie polepole hauna tena faida uliyokuwa nayo.

Uzito wa begi hauishii kwenye laptopu. Ile ya zamani ya inchi 15.6 huenda ilikaribia kilo mbili na zaidi, na chaja yake yenye boksi na waya mnene ikaongeza. Modeli zote nilizokutajia hupokea chaji kwa USB-C, kwa hiyo chaja moja ndogo ya wati 65 itachaji laptopu na simu yako kama nayo ina tundu hilo. Angalia plagi: soketi zetu ni za pini tatu kama za Uingereza, kwa hiyo mashine iliyotoka huko inachomekwa moja kwa moja. Iliyotoka Marekani ina pini mbili bapa. Mwambie muuzaji abadilishe ule waya wa mwisho, usianze kuhangaika na adapta legelege zinazotoa cheche.

Sasa Kariakoo. Hofu yako ni ya haki, lakini kupigwa kwa kawaida humkuta asiyekagua na anayeharakishwa. Nenda asubuhi, mchana wa jua kali na msongamano utachoka na kukubali chochote. Chukua flashi, earphone na simu yenye bando la kutosha kurusha intaneti. Winga, yule dalali atakayekudaka barabarani, anaweza kukufikisha dukani vizuri, ila kumbuka kamisheni yake inatoka kwenye bei yako. Ingia mwenyewe kwenye maduka yenye fremu na jina, uliza bei ya modeli ileile mahali patatu au panne bila kununua. Ukishajua bei inavyocheza ndipo urudi pale ulipoona mashine nzuri.

Ukiishika, anza ikiwa imezimwa. Iweke juu ya meza ya bapa: kama inayumba, au kama padi ya kugusia imeinuka, huenda betri imevimba ndani. Hiyo irudishe palepale, betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Fungua na kufunga mfuniko polepole, sikiliza bawaba. Kisha iwashe huku ukibonyeza F10 kama ni HP, F1 kama ni ThinkPad, F2 kama ni Dell, ili uingie kwenye BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Hapa ndipo pa muhimu kuliko pote. Ikikudai nywila na muuzaji hana, achana nayo hata kama bei ni nzuri kiasi gani, maana kufuli hilo liliwekwa na kampuni iliyokuwa inaimiliki na kuliondoa ni kazi ngumu, kwenye ThinkPad hasa. Ikifunguka, soma jina la prosesa, kiasi cha RAM na serial namba, uilinganishe na iliyobandikwa chini. Windows inaweza kuchezewa ionyeshe prosesa ya uongo, BIOS ni vigumu. Kama kuna mstari wa Computrace au Absolute, mfumo wa mwenye mashine wa kuifuatilia na kuifunga akiwa mbali, usiwe umewashwa.

Ikishawaka Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ukurasa na kukuambia umehifadhiwa wapi. Ufungue, utafute uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Kama kiwandani ilikuwa mWh 49,000 na sasa inajaa mWh 34,000, imebaki karibu asilimia 70, na hiyo ni ya kukubalika. Chini ya asilimia 60, shusha bei kwa gharama ya betri mpya. Kwenye flashi yako uwe umeweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya SSD, iendeshe hapohapo. Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo kizima utafute madoa, halafu mweusi utafute nukta zinazong'aa. Chapa kila herufi, hata zile usizozitumia, na hakikisha kibodi ni ya Kiingereza. Zipo zilizotoka Ujerumani ambazo Y na Z zimebadilishana nafasi, na za Ufaransa ambazo A iko mahali pa Q. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Unganisha Wi-Fi na simu yako. Fungua kamera, sikiliza spika, jaribu tundu la earphone.

Halafu chaji kwa USB-C, kwenye kila tundu la aina hiyo. Kwa ThinkPad za kati ya 2017 na 2019, zikiwemo X280 na T480, sisitiza. Programu ndogo inayoendesha tundu la Thunderbolt, ambalo lina umbo la USB-C, ilikuwa na kasoro iliyoweza kulifanya tundu liache kufanya kazi au kuchaji, na Lenovo ilitoa sasisho la kurekebisha. Tundu likiwa zima, siku unayoifikisha nyumbani weka sasisho hilo kutoka tovuti ya Lenovo kabla hujafanya lolote. Tundu likiwa limekufa, rudisha mashine. Mwisho, chomoa chaja, weka video ya YouTube iendelee kwa muda huku mkibishana bei. Mashine yenye tatizo la joto au betri ya uongo mara nyingi hujionyesha katika muda huo.

Mkikubaliana, dai risiti ya EFD, na iandikwe modeli pamoja na serial namba. Kubalianeni kwa maandishi siku za kurudisha kama kuna hitilafu, wiki mbili si nyingi kuomba. Na tafadhali, usinunue kwa mtu wa kijiweni anayekuonyesha laptopu nzuri ya laki mbili haina chaja. Kuna mwanafunzi mwingine analia kwa ajili ya hiyo, kama ulivyolia wewe, na kununua mali unayojua au una sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa la jinai hata kama hela uliyotoa ni ya halali.

Utasikia pia habari za Chromebook na MacBook. Chromebook nyingi ni nyepesi na betri inadumu, lakini SPSS haiwekwi humo, na kila modeli ina tarehe ambayo Google huacha kuisasisha, na kwa za mtumba huenda tarehe hiyo imeshapita. MacBook Air za Intel za 2017 hazipati tena macOS mpya, na hela ya MacBook Air ya 2020 yenye prosesa ya M1 ya Apple huna. Usikope kwa ajili hiyo.

Hela usiitumie yote. Lenga kumaliza mashine ndani ya laki sita na ishirini hivi, kinachobaki kiwe cha chaja nzuri ikiwa uliyopewa ni mbovu, begi lenye mfuko wa ndani, na flashi. Kama bei za siku hiyo zimepanda, punguza kwa mpangilio huu: kubali kasha lenye mikwaruzo, kisha kioo cha 1366, kisha SSD ya GB 128, ambayo inabadilishika baadaye. Kizazi cha nane na GB 8 usiviachie.

Ukifika nyumbani, ifute yote na uweke Windows upya kabla hujaingiza hata nywila moja. Nyingi za hizi mashine zina leseni ya Windows Pro iliyomo kwenye bodi, kwa hiyo itajiwasha yenyewe ikiunganishwa na intaneti. Na hapo ndipo utakapoona kama bado ni ya kampuni: ikikutaka uingie kwa akaunti ya kazi ya shirika usilolijua, irudishe dukani siku hiyohiyo. Office ya "kukrakiwa" aliyokuwekea muuzaji usiitumie, ndiyo mlango wa virusi. LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word. Kwa takwimu kuna jamovi, ya bure pia, na inasoma faili za SPSS, kwa hiyo ukikosa leseni ya chuo hukwami. Kisha washa BitLocker, imo kwenye Windows Pro. Inafunga SSD nzima, kiasi kwamba mwizi akiichomoa hasomi kitu. Ufunguo wa dharura utakaopewa uandike kwenye karatasi ukae nyumbani, usiuweke kwenye begi hilohilo.

Kwenye daladala begi livae mbele, kifuani, na laptopu iwe kwenye mfuko wa ndani unaogusa mwili wako, katikati ya madaftari. Wanaochana mabegi hutafuta mgongo usio na macho. Ukipanda bodaboda, liweke kati yako na dereva.

Faili za utafiti ni kitu ninachokutaka ukianze hata kabla ya kupata laptopu. Watu wengi huanza upya kazi ambayo bado ipo mahali. Tafuta kwenye barua pepe zako ulizotuma, hasa kwa msimamizi wako. Muombe naye akutafutie rasimu za mwisho ulizompelekea, zenye masahihisho yake juu yake. Pekua WhatsApp kwenye simu: ulijitumia faili, ulimtumia mwenzako akusomee, liko kwenye folda ya hati. Tazama Google Drive, na kwenye akaunti ya Microsoft tazama OneDrive, kwa sababu Windows mara nyingi hupeleka huko folda ya Documents bila mtu kukumbuka kwamba aliruhusu. Kama hojaji zako zilikusanywa kwa Google Forms au KoboToolbox, data ghafi bado iko kwenye mtandao, kilichopotea ni uchambuzi tu. Na nenda stationery zote ulizowahi kuprintia proposal. Faili huachwa kwenye kompyuta zao, kwenye Downloads au kwenye WhatsApp yao, na wahudumu hawazifuti kila siku. Nenda mapema kabla hawajasafisha.

Utakachokipata kiweke Google Drive, GB 15 ni za bure, na endelea kuandika kwa simu au kwenye maabara ya chuo mpaka mashine ipatikane. Nakala ya pili iwe kwenye flashi inayokaa nyumbani Mbagala. Ukiwa dukani na umebaki na mbili zinazokusumbua, nitumie modeli kamili, namba ya prosesa na picha ya ile ripoti ya betri, nitakujibu.